Mume Wangu Anaangalia Mvua ya Tukuyu

Mayu Kornelia, mama yetu wa ushauri, naomba unisaidie kabla sijaivunja hii kompyuta, mume wangu Luhaga ana steshenari hapa Bariadi na kwenye kompyuta zake zote ameweka Linux kwa sababu anasema ni programu huria, mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua aone kilichomo ndani, na kwenye kona ya skrini ameweka programu ya hali ya hewa, nikafurahi kwa kuwa tunalima pamba, kumbe kila asubuhi kabla ya kuangalia Bariadi anaangalia Tukuyu. Tukuyu, mayu, ambako hatuna shamba wala ndugu. Juzi mvua imelowesha pamba tuliyoanika uani, yeye ameganda kwenye skrini anasema, "Leo Tukuyu baridi sana."

Nikamuuliza, "Huyo anayesikia baridi ni nani?"

Akasema ni binti yake, Veronica, aliyemzaa na mwanamke mwingine kabla hatujajuana, mama wa mtoto ameolewa huko na alimkataza Luhaga kupiga simu, kwa hiyo kitu pekee anachojua kuhusu mtoto ni kama leo amenyeshewa. Miaka yote ya ndoa hakuniambia. Nikaifuta Tukuyu kwa hasira, hakugomba, alikaa tu anaitazama Bariadi kama mtu aliyefiwa. Mama yangu kule Nkololo anasema nirudi nyumbani, habari za kurudisha ng'ombe wa mahari wazee watajuana. Nifanyeje?

Milembe, Bariadi

Kornelia anajibu:

Milembe, pole kwa pamba. Kwa mume sikupi pole bado. Mtu anawahubiria wateja kwamba kila kitu kiwe wazi, huku mtoto mzima amemfungia kwa nywila. Huo ni uongo, na mwambie hivyohivyo bila kumpunguzia. Lakini wewe nawe ulitafuta hawara, ukakuta mtoto, na hasira hukuipunguza hata kidogo. Mtoto hajakuibia kitu.

Wanaume wanaokimbia watoto nawafahamu, wake zao huniandikia kila wiki. Sijasikia hata mmoja anayeamka kuangalia kama mtoto amelowa.

Nkololo usiende. Ng'ombe wakianza kujadiliwa, hata mlichogombania mtakisahau. Rudisha Tukuyu kwenye skrini leo, ila Bariadi ikae juu, maana pamba ndiyo inawalisha. Naye Luhaga aache kujificha nyuma ya mawingu. Amtafute kaka au ndugu mwingine wa mama yake Veronica, aombe kwa adabu kuongea na binti yake. Akikataliwa, asigombe, aombe tena baadaye.

Siku mkiruhusiwa, anza wewe. Mwambie Veronica ana mama mwingine huku Bariadi. Kisha mpe baba yake simu, utoke nje, uwaache.