Alichosikia Zuhura kwa Mhasibu

Tottenham, London

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi na Zuhura tu wazima. Huko Muheza najua jua la kaskazi linawaka. Hapa baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nakuandikia kwa sababu hili si jambo la kupigia kelele kwenye simu, nawe sikio lako moja limegoma.

Unajua kwamba mbali na kazi ya kutunza wazee, mwisho wa wiki naendesha teksi. Mapato ya teksi lazima niyaeleze mwenyewe serikalini kila mwaka. Binamu yetu wa Marekani akanitia tamaa. Kwao, anasema, ukijaza kodi unachagua wewe ni nani: mseja, mwenye ndoa au mkuu wa kaya, na unaowalisha wanakupunguzia kodi. Nikacheka peke yangu. Kama ni kulisha, basi serikali ya hapa ndiyo itanilipa mimi!

Jumamosi nikaenda na Zuhura hadi mtaa wa Kenton kwa mhasibu, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Korogwe. Aliposikia lafudhi yangu akaacha Kiingereza. "Wa Muheza wewe! Machungwa ya kwenu bado matamu?" Mama, nilitaka kulia. Nikaliona sinia la wali pale uani, mikono yetu ikigongana, na balozi wa nyumba kumi akikuuliza una watoto wangapi, nawe ukamjibu, "Hesabu wanaokula."

Nikamtajia wategemezi wangu: wewe, shangazi, wadogo zangu wanaosoma. Akacheka mpaka akavua miwani. "Ndugu yangu, hapa kila mtu na kodi yake. Hata mume na mke, kila mmoja kivyake. Mama yako hakupunguzii hata peni." Kisha akamtazama Zuhura, aliyekuwa anachezea simu. "Lakini posho ya mtoto unapata? Hiyo ni haki ya anayemlea. Huyu ni wako wa kumzaa?"

Mama, mtoto huyu ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, nami nilidhani anaelewa maneno ya salamu tu. Kwa hiyo tangu akiwa mdogo Kiswahili kimekuwa kabati langu la siri. Nikajibu bila hata kushusha sauti: "Ni wa marehemu kaka yangu. Yeye na mkewe walikufa kwa ajali huyu hajaanza kutembea. Hajui. Nyumbani tulikubaliana asielezwe mpaka akue."

Mzee akairudisha miwani usoni. Nilipogeuka, simu ilikuwa mapajani na Zuhura ananitazama.

Tukapanda basi. Tulipokaribia nyumbani ndipo akauliza, kwa Kiswahili, polepole: "Marehemu ni mtu amekufa, eti?"

Nikasema ndiyo.

"Anaitwa nani?"

Nikasema Salimu. Kisha nikabonyeza kengele ya kushuka.

Naogopa, Mama. Tangu siku hiyo anakula, anakwenda shule, ananisalimia, lakini neno Baba halijamtoka. Kwetu mtoto wa kaka ni mwanangu, hilo halina mjadala. Ila yeye amekulia huku, na sijui huku wanalihesabuje. Kila nikianza kumsimulia Salimu, na mluzi wake ule aliokuwa akitupigia kutoka juu ya michungwa ya watu, machozi yananikatiza. Namkumbuka sana kaka yangu. Sikuwahi kumlilia vizuri. Nilikuwa na mtoto mkononi.

Nisalimie shangazi, na mwambie vitumbua vyake nimevitafuta London nzima sijavipata. Msalimie baba mkubwa pale msikitini aniombee, na wadogo zangu wasome. Zuhura ameniona nikiandika, akaomba kalamu. Hapo chini ni mwandiko wake, sijamsahihisha.

Mwanao akupendaye,
Athumani

Bibi shikamoo. Mimi nataka kujua Salimu alikuwa mtu gani. Baba anaanza kuniambia halafu analia. Niambie wewe.