Hirizi ya Mwanakombo Mbele ya Mashine

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, na nyumba hii ya Msambweni imekuwa kubwa kupita kiasi.

Mke wangu, Mwanakombo, amelazwa hospitali ya mjini. Mshipa wa moyo wake ulikuwa umeziba. Leo daktari ameuzibua kwa waya mwembamba uliopitishwa mkononi hadi kifuani, huku akiufuata kwenye kioo kwa mionzi ya eksirei.

Kabla ya waya kuingia, mlango ulifunguliwa. Alitoka Riziki, binti anayeiongoza mashine hiyo, akanikuta ukumbini nikisoma Yasini kimoyomoyo.

"Shikamoo, babu. Bibi ameficha hirizi ndani ya gauni. Tumeiona kwenye picha ya kwanza, na hataki kuivua."

Naijua. Ni kijaluba cha fedha chenye karatasi ya maandishi ndani, alichopewa na marehemu mama yake. Mimi huipinga, naye anajua.

Riziki alinieleza tukiingia. Mashine ikikutana na fedha hudhani imekutana na mwili mnene, ikaongeza mionzi yenyewe ili ipenye. Kazi yake yeye ni kuipunguza. Hupiga picha chache kwa kila sekunde, huibana mionzi isitoke nje ya moyo, na humwomba daktari aridhike na picha yenye chengachenga, madhali waya unaonekana. Picha safi huiweka akiba kwa ile dakika ya kuzibua penyewe. Kijaluba kimoja huyaharibu yote hayo.

Mwanakombo alilala chali, kiganja juu ya kifua.

"Nimvue mama yangu leo? Leo ndiyo siku ya kumvua?"



Riziki akamwinamia. "Bibi, wewe umeingia humu mara moja. Mimi nimo kila siku. Mionzi ikikugonga wewe, mingine hunirukia mimi."

Mke wangu alimgeukia. "Una watoto, mwanangu?"

"Bado, bibi."

"Na hukusema mapema!"

Akaifungua. Hakumpa Riziki. Alininyooshea mimi.

"Ivae. Si wasema ni karatasi tu? Karatasi haiumi."

Nikaivaa shingoni, mbele ya daktari na wauguzi, kofia yangu ya kwendea msikitini ikiwa kichwani. Hakuna aliyethubutu kucheka ila mke wangu. Alicheka mpaka daktari akamwomba atulie.

Alhamdulillahi, kazi ilikwisha salama. Riziki alinionyesha picha moja kwenye kioo. Ilikuwa na chengachenga tele, kama mchanga uliomwagwa juu ya kitambaa, lakini mshipa ulionekana wazi na damu ilikuwa ikipita.

Sikuhitaji kuona zaidi ya hapo.

Rai yangu kuhusu hirizi haijabadilika. Kesho nitapanda gari la kwanza, na nitamfungia hirizi yake kwa mikono yangu mwenyewe, taratibu, nisije nikaugusa mkono wenye jeraha.