Saruji Miguuni mwa Reli ya Mbao

Barabara ya Masese,
Jinja.
Jumapili, 21 Machi 1993.
Asubuhi: mvua nyembamba tangu alfajiri, ziwa halionekani.

Mpendwa Mjomba Magidu,

Assalaam alaikum. Hali yako vipi huko Elburgon, na kifua chako kinaendeleaje na vumbi la kiwanda cha mbao? Funga inakwendaje kwenye baridi hiyo? Mama yuko Nakaloke, mguu umepungua uvimbe na ameanza tena kuuza vitunguu sokoni. Mdogo wangu Nambozo amejifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Mimi pia ni mzima. Nimetanguliza wazima kwa sababu yanayofuata si mazuri, na nakuomba uketi kabla hujaendelea.

Umaru hajafa. Nalisema mapema ili usisome mbio ukilitafuta neno hilo. Mwili wake hauna jeraha. Aliyeumia ni rafiki yake Nasur wa Kimaka, lakini mwanao ndiye ninayemwogopea.

Ile reli ya mbao uliyoitunza wewe, ya magari ya kuwapandisha na kuwashusha watu vilima kwa starehe, imesimama tena. Mzee Vallabh aliyeijenga alifia ugenini baada ya Wahindi kufukuzwa, Mungu amrehemu, ila mwaka jana mwanawe Pankaj alirudi pamoja na mama yake, Bi Dhanlaxmi, wakarudishiwa kiwanja. Walikuta nusu ya vilima vyake. Mbao nyingine zilikuwa zimekwenda kuni na nyingine majeneza, kwa sababu miaka ile mbao nzuri haikuonekana pengine. Nyasi zilikuwa zimepita mabega. Pankaj aliuliza mjini nani anaijua kazi hii, akatajiwa jina lako, na kwa kuwa hupo akamchukua mwanao. Mimi nilipewa kukaa mlangoni na kukata tiketi, siku tutakapofungua.

Hapa lazima nirudi nyuma. Nilikuandikia mwaka 1987 kwamba mkeo, Mama Umaru, amefariki kwa kuangukiwa na paa la kibanda siku ya risasi pale soko la Nakaloke. Sikukuandikia kwamba Umaru alikuwa ameishika nguzo ya kibanda kile kwa mikono miwili. Watu walikimbia wakiigonga, naye akaisikia inacheza kwenye udongo, ikacheza, mpaka ikamtoka. Alinikataza kukuambia. Sasa hivi hana nguvu ya kunikataza kitu.

Tangu siku ile hasimiki nguzo bila zege. Hata banda la kuku la Mama lina zege. Alipoanza reli, Mjomba, aliiacha ile namna yenu ya kuiketisha nguzo juu ya jiwe na kuifunga kwa bamba na bolti. Alichimba, akamwaga zege mpaka usawa wa goti, na juu akafunga vyuma vya pembe ili mbao zisisogee hata kidogo. Alifanya hivyo kilima cha kwanza chote, mpaka chini kabisa bondeni, ambako saruji ilimwishia. Kuanzia hapo nguzo zilibaki kama zilivyokuwa zamani.

Wala usidhani tulimwonya. Tulimsifu. Watu walipita kutoka Masese, wakazisukuma nguzo kwa bega, wakasema huyu kijana amejenga. Sisi wa huku tumeona vingi vikianguka, na kitu kisichotikisika tunakiita kizuri bila kuuliza kazi yake.

Siku ya majaribio tulipeleka magari na mifuko ya mchanga. Yalikwenda yakarudi. Kelele ilikuwa nyingi, lakini mchanga hausemi umeumia wapi. Ndipo Bi Dhanlaxmi akajifunga sari vizuri na kuingia gari la mbele. Pankaj akamsihi ashuke.

“Wewe nyamaza,” akamwambia. “Mimi kwisha panda hii na wewe tumboni.”

Nasur, mtu wa breki, akaketi gari la mwisho. Alikuwa akicheka. “Umaru, nikirudi bila meno, utanitafunia nyama ya Idi?”

“Nenda, bwana,” Umaru akamjibu. “Hiyo haitikisiki.”

Ni kweli haikutikisika. Kwenye zege gari lilishuka likigonga kila kiungo cha mbao, ta-ta-ta-ta, na sisi tuliosimama chini tuliisikia kwenye nyayo. Mbao ilikuwa haipokei kitu. Yote ikayarudisha kwa walioketi. Kisha gari likafika bondeni, pale zege linapokwisha. Upande mmoja nguzo ngumu kama mwamba, upande wa pili nguzo inayolegea, na reli katikati yake ikazama na kuinuka kama ubao uliokanyagwa ncha. Gari la mbele lilipita. La mwisho, ambalo siku zote ndilo linalochapwa zaidi, lilirushwa likatua vibaya, na Nasur alikuwa amegeuka kututazama.

Bi Dhanlaxmi alishuka na damu mdomoni. Akamgeukia Umaru. “Ya mzee ilikuwa nabeba wewe kama mama,” akasema. “Hii yako napiga ngumi.”

Nasur hakushuka. Tulimtoa juu ya ubao. Mgongo umevunjika, na daktari anasema miguu huenda isirudi. Namukose, mkewe, ana mimba kubwa.

Kilichonitisha zaidi ni siku zilizofuata. Umaru alisema kosa ni la magari. Sikatai, sehemu ni kweli: Pankaj alichomelesha magari marefu ya benchi nne, na ya mzee yalikuwa mafupi ya benchi mbili, yakifuata mpindo bila kugombana na reli. Lakini dawa aliyoitaka Umaru ilikuwa zege zaidi. “Nitamwaga mpaka nguzo ya mwisho, halafu itatulia,” alisema, na Pankaj akaagiza saruji, kwa sababu alikwisha tangaza kwamba siku ya Idi watoto wa madrasa watapanda wa kwanza, bure. Nilimwambia Umaru asubiri. Akaniuliza, “Tangu lini karani wa tiketi anasimika nguzo?”

Mimi si fundi. Nilikuwa na kumbukumbu moja tu. Nilipokuwa mdogo ulinichukua asubuhi ukikagua reli. Ulikuwa na nyundo ndogo, ukigonga kila bolti na kusikiliza. Kiangazi ulikaza nati kwa sababu mbao imesinyaa, na mvua zilipoanza ulizilegeza kidogo kwa sababu imevimba. Kisha ulisimama chini, ukaweka kiganja changu juu ya nguzo, gari likapita, na nguzo ikasogea taratibu na kurudi. Ulisema, “Umesikia? Inapumua. Siku ikiacha, mtu ataumia.”

Basi nilimwomba Umaru kitu kimoja: apeleke mifuko ya mchanga mara moja tena, asimame nami bondeni. Alikubali kwa hasira. Nikamwambia aweke kiganja kwenye nguzo ya mwisho yenye zege. Gari likapita juu yetu.

“Inasema nini?”

“Haisemi kitu,” akajibu. “Si nilikwambia?”

“Sasa ile ya pili.”

Alihamia nguzo inayofuata, ya zamani, akaishika kwa mikono miwili. Sikumwambia aishike hivyo. Gari lilipopita, nguzo iliruka mikononi mwake, ikacheza, ikazunguka kwenye bolti zake, na vumbi la mbao likamwagika. Umaru aliruka nyuma kama aliyeshika kaa la moto. Uso wake ulikuwa wa ile siku ya soko.

“Ni ileile, Mariat,” akasema. “Ni ileile.”

Alikaa chini kwenye matope. Baadaye alisema, kama anayezungumza na nguzo, kwamba wenzake wa zege walikataa kusogea, kwa hiyo mapigo yote yakaja kwake huyu mmoja. Halafu akaenda kuchukua nyundo kubwa na tindo.

Amevunja zege mwenyewe, akiwa na saumu, akikataa kusaidiwa. Chini yake tulikuta jambo ambalo hata mimi sikulitegemea. Mvua ilikuwa imepenya kati ya zege na mbao, ikakaa humo bila pa kutokea. Tulipochoma kisu, kiliingia kama kwenye ndizi iliyoiva. Juu nguzo nzuri, rangi inang'aa; miguu haipo. Kama lile zege jingine lingemwagwa, siku ya Idi kilima kingelala na madrasa nzima.

Pankaj alitazama, akazima injini ya mnyororo unaovuta magari kilimani, akaenda mwenyewe msikitini kusema hakuna kufungua. Ameagiza magari mafupi. Hakumfukuza Umaru. Ni Bi Dhanlaxmi aliyesema, “Nani nyingine nafungua zege kwa mkono yake?”

Kwa hiyo watoto wamepona, Alhamdulillahi. Ila Nasur hakupona, na Umaru analijua hilo kila anapopumua. Kila jioni huenda hospitali kuketi kando ya kitanda. Nasur humtania: “Mimi sasa mkubwa, nabebwa mpaka chooni, wewe bado unatembea kwa miguu kama maskini.” Umaru hacheki wala halii. Wakati wa kufuturu hunywa maji na kuondoka. Daku haamki. Kiunoni mkanda umefika tundu la mwisho, na sisi tunamtazama tu.

Mjomba, najua kwa nini uliondoka mwaka 1979, mwaka wa vita, na kwa nini hukuweza kuja kwenye mazishi ya Mama Umaru. Barabara sasa iko wazi. Barua hii anaibeba Masaba, dereva wa lori, na atapita tena Elburgon akirudi huku. Ana nafasi mbele. Usije kumwambia amekosea, hilo analijua kutushinda sote. Wala usije kumwambia hakukosea. Njoo na nyundo yako ndogo, upite naye juu ya reli asubuhi, bolti kwa bolti, halafu shukeni pamoja mkamwone Nasur. Mimi siwezi kumfanyia hilo. Kuna mkono mmoja tu anaouamini juu ya mbao.

Nisalimie Bi Topista jirani yako na wanawe, na wote wa kiwandani wanaotukumbuka. Mama, Nambozo na kichanga chake wanakusalimu. Mwenyezi Mungu akupokelee saumu, akufungulie njia, na akufikishe kwetu ukiwa salama.

Ni mimi mpwa wako, ambaye kiganja chake bado kinakumbuka,
Mariat Nabifo

Nimeifungua tena. Nilimwambia Umaru nimekuandikia uje. Akatoka nje. Baadaye kidogo alirudi na kuuliza kama uji umebaki. Amekunywa bakuli zima, amesimama, akiutazama mlango. Saa tano na nusu usiku. Nalala.