Moyo Mzito wa Chapati Tatu

Mama, shikamoo.

Huyo twiga wa mbele ya kadi hii ya posta sijamwona kwa macho. Nilitaka kuanza na "mie mzima, hofu kwako," lakini hapa Ukonga mdogo wako kayapiga marufuku maneno hayo. Daktari wa presha kamwambia asiweke mambo moyoni, naye kaamua nyumba nzima isiweke. Asubuhi anakuuliza habari zako huku kashika sahani ya chapati. Ukijibu "salama tu," unakunywa chai kavu.

Mumewe, Baba mdogo, alikunywa chai kavu siku tatu. Siku ya nne akakiangalia kikombe, akasema, "Tangu nistaafu, kila asubuhi navaa viatu, halafu sijui niende wapi." Mama mdogo akamwekea chapati mbili.

Kosa! Sasa mzee kanogewa. Jana kakaa tu mezani, akashika kifua: "Leo moyo mzito, mke wangu."

"Mzito wa chapati ngapi?"

"Tatu. Na maharage, kama yamebaki."

Mie nilisema nimekukumbuka, nikapewa moja, ile iliyoungua.

Lakini Mama, tangu Baba afariki, kila nikikupigia simu unanijibu "sie wazima." Hao "sie" ni akina nani, wakati nyumba nzima uko peke yako?

Jumamosi narudi na chapati sita kwenye begi. Anza kutafuta jibu.

Mwanao mkorofi,
Somoe