Luzia, Sauti Yako Inanitoka

Mtani wangu Luzia,

Hodi huko uliko. Wanasema aliyetangulia ndiye mkubwa, lakini mimi nilikuzidi umri tangu hapa duniani, kwa hiyo usitegemee shikamoo yangu. Iamkie wewe barua hii kwanza, ndiyo uisome.

Jana kikundi chetu cha vijana kilikaa ofisi ya kata. Bwana Utamaduni wa wilaya alikuja na mada zake nne: utamaduni, amani, umaskini na lugha. Alikata vikaratasi, akavitia kwenye kofia yake, kila mtu akaokota kimoja ili aseme kilichomo moyoni. Mimi nikaokota amani. Nilisimama, nikasema nchi yetu ni kisiwa cha amani na vijana tuilinde kama mboni ya jicho, wakanipigia makofi, nikakaa. Hakuna hata neno moja pale lililotoka moyoni. La moyoni ni hili, na nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia: nimetoka kwa mama yako, na sauti yako inanitoka.

Ngoja nianze mwanzo, maana wewe ukisimuliwa jambo katikati unakasirika.

Nakumbuka mlivyokuja. Vita vya kwenu vilikuwa bado vinawaka, mmevuka Ruvuma, mmepanda mlima hadi Newala, wewe na mama yako na sufuria moja ambayo haikuwa na mfuniko. Baba yangu, fundi baiskeli wa sokoni, aliwapa kile chumba cha uani alichokuwa akiwekea matairi. Mlinuka mpira wewe na mama yako mwaka mzima. Babu alipokuja kututembelea kutoka Lulindi alimketisha mama yako chini, wakaulizana koo, yeye kwa Kimakua, mama yako kwa Kimakonde cha ng'ambo, mpaka babu akapiga goti lake kwa furaha. Ukoo wenu na ukoo wetu ni watani tangu zamani, tangu sisi Wamakua tulipokuwa bado huko huko kwenu. Akanigeukia, akasema, "Somoe, huyu ni mtani wako. Mtukane upendavyo. Siku akifa, wewe ndiye utakayemfanya watu wamcheke ndipo wamlilie."

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na mdomo umejaa muhogo. Nikakuita mla panya. Ukatafuna taratibu, ukameza, ukaniuliza kama panya wangu mimi nimekubakizia mkia. Tangu siku hiyo hatukuachana.

Shuleni walikuonea, Luzia, nalisema wazi. Siku ya kwanza uliomba maji kwa lugha yako, ukasema unataka medi, ukapelekwa kulima bustani ya shule kwa kosa la kusema kikabila. Mtoto ana kiu, anapewa jembe. Nusu ya darasa ilikuwa Wamakonde, neno hilo walilinyonya na maziwa ya mama zao, na bado walikucheka. Jana yule kijana aliyeokota lugha alisema Kiswahili kimetuunganisha, na ni kweli, hata mimi na wewe kilituunganisha. Lakini nilikutazama ukilima siku ile, na sijaona kwa nini neno la mama lazima likae nje ya geti.

Kiswahili chako chenyewe, mwenzangu! Kila 'r' uliigeuza 'l', makusudi au bila makusudi sikujua. Kabla ya kusema lolote ulikuwa unakohoa kidogo, kama mwenyekiti anayefungua mkutano. Tukiwa kwenye foleni ya bomba, jua limepanda, ndoo zimepangwa hadi barabarani na bomba linatoa hewa tupu, wewe ulikuwa unapanda juu ya ndoo yako iliyopinduliwa chini juu, unakohoa, unatangaza: "Wenzangu, maji ya Newala yana haya kama bibi halusi. Mpaka yatunzwe kwanza ndiyo yafunue uso." Wanawake wazima walikuwa wanakaa chini kwa kucheka. Mama mmoja alikuwa anakupisha foleni kwa ajili ya hilo neno tu.

Na ulikuwa na akili ambayo haikuandikwa kwenye ripoti ya shule. Masika moja tulisimama barazani tunatazama mvua. Nyumba ya jirani ina bati, maji yanashuka kwenye mfereji, pipa linajaa, jingine linajaa. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, maji yanadondoka ya kahawia, yananuka moshi, hata kufulia hayafai. Ukasema, "Somoe, mvua ni moja lakini nayo inachagua nyumba." Jana kijana aliyeokota umaskini alizungumza robo nzima ya saa kuhusu kujiajiri. Sikusikia la kushinda hilo lako.

Kisha amani ikaja. Redio ya baba ilitangaza kwamba wakubwa wa kwenu wamepeana mikono, na sokoni watu wa ng'ambo walicheza ngoma mpaka vumbi likafunika vibanda. Mama yako alicheza. Wewe hukucheza, ulikaa juu ya ndoo. Ulikuwa umeshakuwa mtu wa Newala, unajua bomba gani linatoka saa ngapi na mlinzi yupi anapenda kusifiwa. Lakini mama yako alikuwa na mikorosho ya baba yake kule, akiizungumzia kama watu. Mkorosho wa mlangoni, mkorosho wa kisogoni, ule mkubwa ambao kivuli chake kilitosha harusi nzima. Alisema hawezi kuzeekea katika chumba cha matairi wakati miti ya baba yake inaangusha korosho bila mtu. Nani angembishia?

Siku mnaondoka ulinipa ndoo yako, ile ya bluu yenye ufa uliouziba kwa kuyeyusha plastiki. Ulikohoa ukitaka kusema kitu, halafu hukusema. Hiyo ndiyo mara pekee niliyokuona umekohoa bure.

Habari zako zililetwa na muuza samaki wakavu anayevuka mto. Alikuja moja kwa moja kwa baba, akavua kofia, nami nilikuwa nafua, nikaona ile kofia tu nikajua. Wanajeshi, sijui wa upande upi, walikuwa wamekipenda kivuli cha ule mkorosho mkubwa. Walipiga kambi chini yake, na walipoondoka waliacha wametega mabomu ardhini kuuzunguka. Wewe ulikwenda kupalilia ili korosho zikianguka zionekane. Jembe lako likagusa.

Vita vilikuwa vimekwisha, Luzia. Mlikuwa mmeshacheza ngoma. Hili ndilo nililoshindwa kulisema jana mbele ya kile kikaratasi: kwamba wewe hukuuawa na vita, ulifia ndani ya amani, asubuhi, ukiwa na jembe, na ndege wanalia. Nina hasira na hilo mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani.

Kwenye mazishi sikuwahi. Nilikuja na baba kwenye arobaini, tukashuka mlima, tukavuka na mtumbwi. Nilimkuta mama yako amekaa mkekani, mkavu. Walisema tangu siku ile hajatoa chozi, chakula anakigusa kwa vidole tu, na wazee walikuwa wameanza kuogopa. Niliposema shikamoo, aliitika marahaba bila kuniangalia. Ndipo mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Mtani wa marehemu yuko wapi? Mbona msiba huu hauna mtani?"

Nilisimama. Nikajifunga kitenge juu ya kifua vile ulivyokuwa unafunga wewe, fundo kwapani, nikaazima ngata na ndoo, nikatembea mwendo wako, mguu wa kushoto unaingia ndani, mkono kiunoni, ndoo haishikwi. Nikaipindua ndoo, nikapanda, nikakohoa. "Wenzangu," nikasema, "nimefika kuzimu na huko nako kuna foleni. Maji ya huko yana haya kuliko bibi halusi wa Newala."

Watu walicheka, Luzia. Kwanza mmoja, kwa kujificha, halafu uwanja mzima. Na mama yako akainua uso. Aliniangalia kama mtu anayeitwa kutoka mbali, mdomo ukafunguka, akacheka, akacheka akashika tumbo, na kicheko hicho hicho kikageuka kilio. Wanawake wakamdaka. Alilia mpaka jua likazama, na wazee wakashukuru, wakasema mtani amefanya kazi yake. Kesho yake alikula ugali.

Kabla sijaondoka alinishika mkono. "Fanya tena," akasema. Nikafanya. Akaniita kwa jina lako, nami nikaitika.

Utani haudai zaidi ya hapo. Kazi ya mtani inaisha msibani. Lakini mimi nilirudi kiangazi kilichofuata, kwa sababu muuza samaki alileta salamu kwamba Mama Luzia anauliza Somoe anakuja lini. Nilijua anachouliza si mimi. Nikaenda, nikafunga kitenge, nikakohoa, akacheka na kufuta macho. Nikawaza, basi, nitafanya hivi maadamu yu hai. Wewe umekufa lakini una pa kusikika, na mama yako ana pa kukusikia.

Huku kwetu, mtani, ungepotea. Mnada wa mitumba umehamia karibu na kibanda cha baba, wasichana tunavaa suruali zilizovaliwa na watu tusiowajua. Bendera za vyama zimejaa, rangi hii na rangi ile, na watu walioazimana chumvi miaka yote sasa wanatazama kwanza bendera iliyo juu ya paa la mwenzao. Wanunuzi binafsi wa korosho wanakuja na magari yao, msimu huu wapo, msimu ujao hawaonekani. Kuna kibanda cha video, vijana wanatoka pale wakipigana mateke na kusema maneno ambayo hayana maana katika lugha yoyote. Wengi wameshuka Mtwara, wengine wamefika Dar. Bomba bado linatoa hewa. Wadogo zangu hawakijui Kimakua, na nikiwaambia neno lako, medi, wanacheka kwa mtindo ule ule wa darasani.

Na mimi nimeishi kati yao, nikasikiliza redio zao, nikaongea kama wao. Sikujua kama kuna kitu kinavuja.

Wiki iliyopita nilivuka tena. Mama yako amekonda, nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja. Alinitandikia mkeka, akakaa mbele yangu, mikono mapajani, akisubiri. Nikapanda juu ya ndoo. Nikakohoa. Nikasema maneno yote, sikuacha hata moja.

Hakucheka.

"Sivyo," akasema.

Nikarudia. Nikalegeza ulimi, nikapindisha mguu zaidi. Majirani waliokuwa wanapukuchua mahindi waliacha kazi, wakatazama chini. Nilikuwa najisikia mwenyewe, Luzia. Kikohozi kilikuwa cha mtu anayekohoa. Ile 'l' ilikuwa 'l' ya mtu anayemchekesha mtu. Wewe hukuwamo. Nikakutafuta hapo hapo juu ya ndoo, kooni, kichwani, nikapata maneno matupu.

"Shuka, mwanangu," mama yako akasema. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Huyo si yeye. Huyo ni wewe, Somoe."

Halafu akasema taratibu kwamba hata yeye, akifumba macho, siku hizi hakusikii wewe vizuri. Alikuwa ananisubiri mimi nimkumbushe.

Asubuhi niliamka, yeye hayupo. Nilimwona mbali anarudi na ndoo kichwani. Kisima kipo karibu, kinaonekana toka mlangoni, lakini njia ya kwenda huko inapita kando ya ule mkorosho, na watu wa kutegua mabomu bado hawajafika. Wanakijiji wameweka vitambaa vyekundu tu kwenye vijiti. Kwa hiyo mama yako anazunguka kilima kizima, kwa umri ule, kwa ndoo moja, na akifika amechoka hata salamu haitoki. Mara zote nilizokwenda nilikuta mtungi umejaa, nikanywa, nikapanda juu ya ndoo kuchekesha. Sikuwahi kuuliza maji yametoka wapi.

Nilimpokea ile ndoo. Nikazunguka kilima, nikarudi, nikazunguka tena, mpaka mtungi, sufuria na lile beseni lenye tundu juu vikajaa. Nilipoinama kuaga, alinishika kichwa pale ngata inapokaa, akapasugua kidogo. Kisha akaniita Somoe, akaniambia niende salama.

Basi nimekuja kukuaga, mtani. Sauti yako imenishinda. Sitapanda tena juu ya ndoo. Lakini kila kiangazi, mto ukipungua, nitavuka na ndoo yako ya bluu nizunguke kile kilima, nijaze kila chombo cha nyumba ile mpaka mama yako akose kingine cha kunipa, na siku vitambaa vile vikiondolewa nitapita njia ya mkorosho mimi kwanza, ndipo apite yeye. Hilo naahidi kwa jina langu mwenyewe.

Pumzika, mla panya wewe. Mkia nimekubakizia.

Mtani wako,
Somoe