Nguruwe Anaendesha Treni

Kazi moja ya juma, tarehe 3 mwezi wa tatu

Eh Petit Kaye, daftari yangu, uko muzima? Mi niko na kamba mu mikono tena. Yaya Mwepu, kaka yangu mukubwa, eko chini, mu shimo, mu chumba ya mama. Ndiyo, chumba yenyewe! Kitanda tulisukuma ku ukuta. Mama eko Kasaji kwa bulimi, hajue kitu. Hapa Kasulo kila nyumba iko na shimo ya kuchimba madini. Yaya anasema: shiye tu njo bajinga?

Kazi yangu ni kusikiliza. Kule chini hewa ni kidogo, njo yaya anaimbaka. Ile wimbo ya cassette ya tata, baba yetu, ya banyama mu treni. Kuku anakata tiketi, bata anabeba mizigo, mbuzi anapiga filimbi, nguruwe anaendesha. Akiimba sawasawa, eko muzima. Akichanganya banyama, hewa imemukosa. Ninavuta na rafiki yake Kabwita.

Kazi mbili, tarehe 4

Wimbo haitoke mu kichwa. Siku ya mvua tata alikuwa anaweka cassette, kila mutu anapata munyama yake. Mi bata. Tata nguruwe, anakoroma mpaka mama anamutupia kitambaa. Yaya alikuwa anachanganya makusudi: "Mbuzi amekula tiketi!" Bukari, ile ugali yetu, inatoka tata ku pua. Tunaanguka chini na kucheka.

Radio ilikula ile cassette. Tata naye alikufa. Sijacheka vile tena. Kabisa.

Kazi tatu, tarehe 5

Amechanganya! "Mbuzi anakata tiketi." Muchezo ao hewa? Sikungoja. Tulivuta.

Anatoka, macho nyekundu, anacheka. "Mudogo, nilikuwa ninacheza! Umeniharibia kazi!"

Nikamutukana. Kabwita akaingiza yake: "Nilisema, mwanamuke karibu na shimo, madini inakimbia. Umutume kupika bukari."

Yaya akaitika na kichwa. Kiisha: kesho Kabwita peke yake atashika kamba.

Ni mi nilimutosha mu shimo muzima. Halafu ni mi balifukuza. Hasira mpaka ku meno.

Kazi ine, tarehe 6

Nilikuwa inje na sufuria ya bukari. Sauti ya yaya inapita mu dirisha. Kuku anaendesha. Bata anaendesha. Kabwita anacheka, anapiga mikono kama mutu ku teatre. Kiisha: nguruwe. Nguruwe. Nguruwe.

Muchezo ya yaya haiko vile, hakwame ku munyama moja. Nikakimbia.

"Vuta!"

"Acha, mwanamuke, anacheza!"

Nikamuluma Kabwita mukono. Kweli, nilimuluma. Tukavuta.

Yaya akatoka kama mufuko. Midomo rangi ya majivu. Tukamupeleka hopitali ku pikipiki, yee katikati yetu, kichwa ku bega yangu. Mungu, usimubebe. Beba macho yangu. Beba kile unataka. Yee, umuache.

Kazi tano, tarehe 7

Mashine ya hewa ku pua. Hanijibu. Nimemuimbia mu sikio, mpaka ku nguruwe, na kukoroma yote. Bagonjwa bengine banacheka. Yee hapana.

Ninachukia shimo. Ninachukia Kabwita. Ninachukia ile wimbo, lakini sina ingine.

Siku ya posho, mwisho ya juma, tarehe 8

Amefungua macho! Ameomba maji! Nimelia mpaka infirmière mwenye kuchunga bagonjwa amenifukuza inje. Nimelia na kule.

Kazi tatu, tarehe 12

Tuko nyumbani. Mvua. Yaya amekula sombe, majani ya mihogo, kidogo.

Nilikuwa nimefunika shimo na mbao. Amezitosha moja moja, bila hasira. Kiisha akakaa pembeni yangu.

"Mudogo, madini ilikuwa mbele yangu. Niliishika na mukono. Kesho ninashuka. Ni weye tu unajua wakati ninacheza na wakati sichezi. Mi sikujua tena."

"Na nikikataa?"

"Kabwita eko tayari."

Hakusema vile kwa kunitisha. Njo kile kinaniumiza.

Nimeita mama ku telefone. Ameanza safari, lakini kesho asubui hatakuwa amefika. Yaya amelala, pumuzi yake inapiga kelele kidogo. Nikishika kamba, ni mi ninamushusha. Nikiacha, atashuka na mutu asiyejua kumusikiliza.

Weye, ungefanya nini?