Msuku Haukai Koponi

Mjukuu wangu Ngalula,

Salamu nyingi kutoka Likasi. Sisi tu wazima. Mdogo wako ameanza shule ya bweni Mulungwishi, na nyumba imekuwa kimya.

Unauliza upande bonsai, ule mti mdogo wa chunguni, ya mti gani, nawe huko Ubelgiji una dirisha moja tu. Unataka msuku, ambao matunda yake tulikuwa tukiyaokota pamoja. Usiuchague.

Mama yangu alipoolewa hapa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, alichimbua mche wa msuku kwao Kambove, akautia katika kopo mlangoni, kwa kuwa nyumba haikuwa na uwanja. Ulikauka. Wa pili pia ulikauka. Baba akamtania: “Muke wangu, ile muti iko na kiburi sawa weye. Haiachake udongo ya kwabo!”

“Minye niliacha ya kwetu,” Mama akajibu.

Kesho yake Baba akachomeka tawi la mtini wa porini katika kopo lile, likachipua.

Panda mche wa mtini. Huvumilia kukatwa mizizi na kukaa ndani. Mama aliupenda wake, lakini kila masuku yalipoiva, alijifunga kitenge akaenda Kambove.

Mwaka huu yameanza kuiva mapema.

Nkambo wako